Kibyongo: shajara ya mtarakwa wa baba mdogo

7 Agosti 2022

Umefika. Tumeutoa Ilboru kwa guta mpaka Njiro, hapa hapa Arusha, mimi nyuma nimekumbatia shina, dereva akikwepa mashimo kwa adabu zote na bado kila tuta nikalisikia mbavuni. Karai la saruji alilolimwaga baba mdogo mwenyewe, pamoja na udongo na mti, limetaka wanaume watatu kulishusha. Wa tatu alikuwa muuza maziwa aliyekuwa anajipitia.

Vipimo kabla sijasahau. Urefu kutoka udongoni hadi kileleni: sentimita 71. Unene wa shina pale chini: sentimita 19. Karai: 60 kwa 45.

Baba mdogo aliung'oa mwaka 1996 kwenye kiwanja chake Oldonyo Sambu, ukingoni mwa mwamba, mahali ambapo ng'ombe waliukanyaga wakipita na watu waliukata panga kila walipotaka kigingi. Ndiyo bahati mbaya ya mtarakwa: mchwa hawaupendi, kwa hiyo wenye maboma wanaupenda mno. Jamii yake ni ile ile wanayoitumia Wajapani kwa bonsai zao zinazosifika, miti inayolelewa midogo vyunguni, ila ndugu zake wote kwa asili wamekomea kaskazini ya ikweta. Mtarakwa, Juniperus procera, Wamaasai wanauita oltarakwai, ndio peke yake uliovuka mstari na kushuka hadi Malawi na Zimbabwe.

Aliulea miaka ishirini na tano, na kila mwezi aliunyoa kwa mkasi wa michongoma. Umbo alilouachia ni mpira wa kijani juu ya mguu uliopinda. Watoto wa pale Ilboru waliuita Kibyongo, na jina limeuganda.

Mama mdogo ametusindikiza hadi getini. "Baba, mti huo mume wangu aliuogesha kuliko alivyowaogesha wanawe." Halafu, guta likiwa limeshawashwa: "Na ukikufia, usinipigie simu. Njoo uniambie mwenyewe."

21 Agosti 2022

Wiki mbili nimekuwa nikiuzunguka tu na kikombe mkononi. Leo nimeyapanua majani kwa mikono miwili, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa, nikachungulia ndani. Hakuna kitu. Vijiti vikavu, utando wa buibui, kiota cha ndege kilichohamwa. Kijani chote kiko nje, unene wa kiganja, kama ganda la yai.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mjakaranda ukiukata popote unachipua. Mgomba ndio usiseme. Mtarakwa hapana. Tawi likishakosa kijani halichipui tena, na ukikata nyuma ya jani la mwisho umelikata tawi zima. Mkasi wa michongoma hukata ncha, ncha zinagawanyika, ganda la nje linakuwa zito, jua haliingii, ndani kunakufa. Miaka ishirini na tano ya hivyo. Matawi sasa ni fimbo tupu zenye kishada cha majani mwishoni, na siwezi kuyafupisha hata kwa kidole kimoja. Kilichobaki ni kuyakunja ili kile kijani cha mwisho kirudi karibu na shina. Na mawili kati yake ni manene kama mpini wa jembe.

Kazi ya pili leo: mswaki na maji. Nimelisugua shina lote. Gome linachunika kwa nyuzi ndefu kama katani, na chini yake mambo yanaonekana wazi. Mshipa ulio hai ni mwekundu wa kahawia, umevimba kidogo, ukiuwekea kiganja una ubaridi. Mbao iliyokufa ni ya kijivu, bapa, ngumu kama pembe. Nimekuta mishipa hai miwili tu. Mmoja wa vidole vinne unapanda kulia hadi kileleni. Wa pili, vidole viwili, unatoka kwenye mizizi ya kushoto na kulisha tawi la kushoto la chini peke yake, halafu basi.

Kati ya mishipa hiyo, upande wa nyuma, kuna kovu la panga refu kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Limejaa udongo na mbegu za nyasi. Miaka yote baba mdogo alikuwa ameligeuzia ukuta.

Septemba 2022 hadi Februari 2023

Sikufanya kitu. Yaani maji, jua la kutwa, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na mkasi kabatini. Nimeuacha urefuke ovyo. Mtarakwa huweka akiba yake kwenye majani, na wenye majani mengi ndio unaoweza kuumizwa ukapona. Jirani kaniuliza kama umenishinda.

Maji natumia ya tangi la mvua. Haya ya chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, ndiyo yaliyotupaka meno rangi ya chai tangu utoto, na yakikaukia juu ya saruji yanaacha ukoko mweupe. Mchicha naupa hayo. Mtarakwa hapana.

5 Machi 2023

Udongo.

Kwanza kuhusu kalenda, maana imenisumbua mwezi mzima. Maelezo yote ya bonsai niliyosoma yanasema badilisha udongo mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya machipuko. Hayo ni ya watu wenye theluji mlangoni. Mimi nimejipangia hivi: mizizi iguswe masika yanapoanza, wingu likiwa limekaa juu ya Meru na hewa ina unyevu, ili majani yasikauke wakati mizizi inajitafuta. Kukunja matawi Juni na Julai, baridi ya Arusha ikiwa imeutuliza mti. Mbao kavu ishughulikiwe kiangazi cha Januari na Februari. Nimeiandika ndani ya mlango wa kabati la vifaa.

Udongo wa zamani ulikuwa mfinyanzi mweusi uliochanganyika na saruji iliyomeguka. Nilimimina jagi moja la maji, nikamaliza chai, yakiwa bado juu. Nimechora mstari kwa chaki katikati ya fundo la mizizi na kufanyia kazi nusu ya kushoto tu. Ya kulia sikuigusa. Nimechokonoa kwa kijiti cha mshikaki, saa tatu nzima nimekaa kwenye kigoda, mgongo haukunisamehe. Ndani ndani nimekuta kuvu weupe kama pamba, wenye harufu ya uyoga. Huenda ni marafiki wa mizizi, nimewaacha, na konzi moja ya udongo wao nimeirudisha.

Chini kabisa, juu ya matundu ya karai, nimekuta vizibo vya soda kumi na vinne, kila kimoja kimetobolewa kwa msumari. Ndiyo chujio alilobuni mzee. Vingi vimeoza kwa kutu. Viwili vyenye nafuu nimevirudisha mahali pake.

Udongo mpya ni kokoto nyepesi za volkano, zile za kufyatulia matofali, ambazo ukizitia kwenye ndoo zinaelea. Nimezichekecha mara mbili: zinazopita kwenye wavu wa milimita 8 na kubaki kwenye wa milimita 3 ndizo zangu, vumbi nimemwaga njiani kwenye shimo letu la siku zote. Mti nimeufunga kwa waya kupitia matundu ya chini usitikisike hata kidogo, maana mzizi mchanga ukitikiswa unakatika.

Maji sasa yanapita kama yanakimbia deni.

16 Julai 2023

Nimekunja tawi la kushoto la chini. Unene milimita 30. Waya, mpira wa tyubu, nguvu kidogo, likashuka bila kelele hata moja. Nimefurahi kupita kiasi. Nikachukua picha, nikamtumia kila mtu.

Septemba 2023

Kijani. Kila kitu kijani. Nilianza kujiona bingwa.

29 Oktoba 2023

Tawi lile si zima.

Si kwamba limekauka. Ukilitazama haraka haraka lina majani yake yote. Ila asubuhi, jua likiwa bado chini, rangi yake ni kama nguo ya kijani iliyofuliwa mara nyingi, na mengine yanang'aa. Nimeyashika: makavu, yanakwaruza. Nimekwangua gome kwa ukucha pale chini ya tawi, ndani ni kahawia.

Nimeirudia shajara hii ukurasa kwa ukurasa. Machi nimekata mizizi ya kushoto. Julai, miezi minne tu baadaye, nimekunja tawi la kushoto, lililokuwa linalishwa na mizizi ile ile kwa mshipa wa vidole viwili. Nilikuwa nimeuandika mshipa huo mwenyewe, Agosti, kwa mwandiko mzuri. Tawi huenda lilikufa Julai hiyo hiyo nikiwa napiga picha. Mtarakwa ndivyo ulivyo: mwembe ukiuudhi leo, kesho majani yamelegea, huu unakufa na kukaa kijani wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na wewe unaendelea kuumwagilia maji na kuusalimia.

4 Novemba 2023

Nimekwenda Ilboru. Ahadi ni ahadi.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mti mzima haujafa ila tawi moja limekufa na ni mimi niliyeliua. Akachambua kama dakika nzima.

"Lipi?"

"La chini, la kushoto."

"Aa. Lile la kuomba." Kumbe walikuwa na majina. Tawi lile mzee aliliita mkono wa kuomba, kwa sababu lilijitokeza mbele kama mtu anayeomba senti stendi, na hakulipenda hata siku moja. Alilinyoa tu pamoja na mengine.

Halafu akaingia ndani, akatoka na picha. Imeandikwa nyuma 1996. Baba mdogo kijana, shati limefungwa kiunoni, na mbele yake mti kwenye nusu ya pipa. Hakuna mpira. Kuna matawi matatu manne ya hovyo, na mbele kabisa, jeupe kama mfupa, lile kovu la panga. Shina limeegemea upande ambao sikuwahi kuuona, kwa sababu siku zote nimeutazama kutoka nyuma. Ule mgongo wa kibyongo ni mgongo kweli. Ukiuzungukia mbele, mti umeinama kama mtu anayepanda mlima na upepo unampiga.

Nikamwuliza kwa nini aligeuza. "Alisema mgonjwa hawekwi barazani kidonda kikiwatazama wageni."

Nimerudi na daladala nikiwa nimeikamata picha kwa ncha za vidole. Usiku nimeligeuza karai. Nimekaa mbele yake mpaka mbu wakanifukuza.

Desemba 2023 hadi Mei 2024

Hakuna kazi. Adhabu ya mkasi mwaka mzima, na adhabu hiyo ni yangu. Nimepunguza tu vijiti vikavu vya ndani ili jua liingie, na nimeyachuma matunda yote (mti wetu ni jike, una vitufe vya samawati iliyoiva, ukivifuta unga wake vinakuwa vyeusi). Kuzaa kunakula nguvu. Vichipukizi vichache karibu na shina, pale palipokuwa na kijani kidogo kilichokosa mwanga, vimeamka. Majani yake ni ya sindano, yanachoma, kama ya mche wa mwaka mmoja. Mtarakwa ukikatwa sana hurudi utotoni namna hiyo, halafu taratibu sindano zinageuka kuwa magamba laini.

Ncha sizinyofoi kwa vidole tena. Niliona mtu kwenye video akizinyofoa zote kama anachuma chai. Kila ncha ni kiwanda. Ukivifunga vyote kwa mara moja usishangae mti ukidhoofu.

23 Juni 2024

Nilikuwa nimejipanga kukunja mwezi ujao. Basi.

Mchwa si, ni sisimizi: mstari mzima unapanda mshipa wa kulia, unashuka umeshiba. Nikafuata. Kwenye matawi ya juu, upande wa chini usioonekana, vidukari wamekaa bega kwa bega, wa kahawia ya kijivu, wamefanana na gome kiasi kwamba nilivitambua vikundi kwa kuviona vinatembea. Majani ya chini yananata, na juu ya unato huo kumeota masizi meusi. Nimetandika karatasi nyeupe, nikaligonga tawi kwa kalamu, wakaanguka kama mchele.

Ni vidukari wa misaiprasi. Hawakuwa wa kwetu. Walionekana Malawi mwaka 1986, na miaka michache baadaye walikuwa wameshakausha mashamba ya misaiprasi Tanzania na Kenya, na mtarakwa nao hawakuubagua. Wazee wa Ngaramtoni bado wanazikumbuka ua za misaiprasi zilivyogeuka nyekundu kutoka juu kwenda chini.

Dawa: kwanza maji ya kasi kwa mpira wa bustani, nimelaza karai kwa ubavu ili wasirudi udongoni. Halafu sabuni ya maji vijiko viwili kwa lita moja, jioni, chini na juu ya kila tawi, baada ya siku nne tena, na tena. Nimepaka grisi kwenye utepe niliouzungusha kwenye shina, sisimizi wamekosa daraja. Bila sisimizi wa kuwalinda, wadudukibibi wamekula waliobaki.

Kukunja nimekusogeza mwaka mmoja mbele. Nimeandika kwenye mlango wa kabati: 2025, kama hakuna ugomvi.

Februari 2025, wiki ya pili

Mifupa. Wajapani wana majina, tawi mfu huliita jin, na sehemu iliyokufa ya shina shari. Mimi na mama mdogo tunasema mifupa.

Tawi la kuomba nimelikata urefu wa kiganja kutoka shinani. Kipande kilichotoka kinanukia penseli mpya, harufu kamili ya darasa la kwanza. Ndiyo sababu Waingereza waliuita mti huu wa penseli. Nimekisugua msasa na kuhesabu pete kwa lenzi: 61, kwenye kitu chenye unene wa mpini wa fagio. Nisijidanganye kuwa ni miaka 61. Kwetu kuna masika na vuli, na mti unaweza kuchora pete mbili mwaka mmoja au usichore vizuri kabisa.

Kilichobaki shinani sikukichonga kwa kisu. Nimekipasua ncha kwa plaizi na kuvuta nyuzi kuelekea chini, zikachanika zilivyotaka zenyewe, kama tawi lililovunjwa na upepo. Kisu kinaacha alama ya kisu. Kovu la panga nimelisafisha kwa brashi ya waya na patasi ndogo, nikitoa tu kilichooza. Makato ya panga yenyewe, matatu, yanaonekana. Nimeyaacha.

Halafu chokaa na salfa. Hii huifanya mbao isioze na huipausha. Nimechemsha mwenyewe uani: sehemu moja ya chokaa, mbili za salfa ya unga, kumi za maji, kwa uzani, kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni, saa nzima, mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Glavu, miwani, na upepo mgongoni. Usiiweke karibu na kitu chochote chenye asidi, ile hewa inayotoka inaua.

Harufu ni ya mayai viza, na kwa wingi. Jirani wa kulia katoka, kaangalia chemba lake. Jirani wa kushoto kapiga simu kuniuliza kama chemba langu limefurika. Mwenye nyumba wa tatu kaanza kuchimba. Nimewaambia wote nachemsha dawa ya mti, hakuna aliyeamini.

Mbao imelowa kwanza njano kama embe, baada ya siku tatu juani imekuwa nyeupe mno, meno ya bandia. Itatulia.

13 Julai 2025

Nimefanya leo. Naandika huku vidole vinauma.

Waya ndio kazi yangu ya kila siku, mimi ni fundi umeme, kwa hiyo niseme la fundi: watu wanaonunua waya wa soketi wa namba 2.5 kwa ajili ya bonsai wanadhani ni milimita 2.5. Hapana. Hilo ni eneo la mkato; unene ni milimita 1.8 hivi. Kanuni ni waya uwe karibu theluthi ya unene wa tawi. Tawi langu ni milimita 36, theluthi yake 12, na shaba ya milimita 12 ni mambo ya TANESCO. Nimetumia waya wa ethi wenye unene wa milimita 4, nyuzi mbili sambamba, na kuvuta kwa waya mwingine.

Shaba mpya ni ngumu. Nimeimenya plastiki kwanza (usiichome, moshi wake ni sumu, na mtaa utadhani umeiba), nikaizungusha kama chapati, nikaiweka juu ya mkaa mpaka ikawa nyekundu ya kaa linalofifia, nikaitosa majini. Ikatoka laini kama tambi. Ukishaikunja inakuwa ngumu tena, ndiyo maana inashika.

Jana usiku nililoweka maganda makavu ya mgomba. Wenzetu wa bonsai hufunga tawi kwa nyuzi za rafia. Mgomba uko nyuma ya nyumba. Leo saa tatu asubuhi nimechimba mfereji upande wa kijivu wa tawi kwa patasi ya nusu inchi, kina kama theluthi, nikikaa mbali na mshipa. Tawi lililochimbwa hukunjika, lililo zima huvunjika. Kisha maganda ya mgomba, yamesokotwa, bado yamelowa, tabaka mbili, nakaza kila mzunguko kwa goti. Juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Juu yake nyuzi tatu za shaba zimelala kwa urefu upande wa mgongo wa mkunjo, pale gome litakapovutika. Juu yake sasa waya wa kuzungusha, kwa mshazari wa nyuzi 45.

Nondo fupi nimeifunga kwenye karai, na kutoka hapo waya wa kufungia nondo hadi ncha ya tawi, na kipande cha ndala chini yake usikate gome. Robo mzunguko wa plaizi. Nasubiri. Robo mzunguko. Nasubiri. Mke wangu kauliza kama napiga simu na mti, maana nilikuwa nimeuwekea sikio.

Kwenye saa sita tawi lilisema "ka", kama njiti ya kiberiti. Nikasimama kama nimekamatwa. Nikapapasa juu ya mpira: hakuna uvimbe. Nikalirudisha nyuma robo, nikala, nikarudi baada ya saa nzima. Saa kumi jioni ncha iliyokuwa sentimita 41 kutoka shinani ilikuwa sentimita 18, na kishada cha majani kimekaa juu ya kovu kwa pembeni, kama mtu aliyeshusha kofia.

Tawi la pili la mpini wa jembe sikuligusa. Mkono uliwasha kweli kweli. Nimefunga kabati na ufunguo nimempa mke wangu.

Nimeuweka chini ya mparachichi, kivuli nusu, mbali na upepo. Majani nayanyunyizia asubuhi na jioni. Udongo sijaugusa tangu Machi 2023 na sitaugusa mpaka Machi 2027, nusu ile ya kulia itasubiri.

21 Septemba 2025

Kijani. Sisemi kitu. Sijapiga picha.

12 Oktoba 2025

Bado kijani. Nimekwangua kwa ukucha, alama ndogo kama mbegu ya ufuta, ndani kijani chepesi na kuna unyevu. Nimeipaka udongo nikaondoka.

9 Novemba 2025

Ncha za tawi lililokunjwa zimerefuka, rangi ya limau. Kwenye mkunjo wenyewe, chini ya mpira, mshipa umevimba pande zote mbili. Vuli imeanza, usiku imenyesha mpaka alfajiri.

Mama mdogo kaja baada ya ibada, na gauni lake la Jumapili. Sikumwambia kuwa nimeligeuza karai. Nimemwekea kiti mbele. Akautazama, akaegemea kushoto, akaegemea kulia, akainuka akaenda nyuma kuona ule mgongo alioujua, akarudi.

"Na ule wa kuomba?"

Nikamwonyesha mfupa. Akaushika nchani kwa vidole viwili, akauachia.

"Maji mnaweka wapi hapa?"

Nikamletea kopo. Akapandisha gauni, akaumwagilia yeye, polepole, kuanzia shinani kuzunguka nje, kopo la kwanza, la pili, la tatu, akisubiri kila mara kama anayemimina chai ya wageni. Mti ulikuwa umenyeshewa usiku kucha. Nilisimama nikanyamaza. Yalipita yote kwenye kokoto yakatokea chini, juu ya vile vizibo viwili, yakamlowesha viatu.

Ya kufanya kesho: waya wa pale juu kulia umeanza kuuma gome. Kukata vipande kwa plaizi, kutokuufungua kwa kuuzungusha.